Taja Nchi, Muhidini

Mwanamina aliisikia sauti ya Muhidini kabla hajamwona, na mkono wake ukasahau kazi. Alikuwa uani, nyuma ya nyumba ya baba yake pale Ruaruke, akichovya ukindu wa mikeka katika chungu cha rangi nyekundu. Huko barazani sauti ilipiga hodi mara mbili. Miezi saba hakuisikia. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, kama ya mtu aliyetoka kuugua mafua, lakini ilikuwa yake.

"Utaiunguza hiyo rangi," shangazi yake Fatu alimwambia bila kuinua kichwa. "Mtu amekuja. Hatakimbia."

"Najua amekuja, shangazi."

"Basi mbona mkono umesimama?"

Mwanamina aliuchovya ukindu tena. Angejibu nini? Leo ndiyo siku ambayo Muhidini angetaja nchi, na nchi hiyo moja ndiyo ingeamua kama ataolewa naye au hataolewa.

Muhidini alikuwa mtu wa Salale, huko kwenye visiwa vya mikoko, ambako watu huenda sokoni na msikitini kwa mtumbwi. Alikuwa na wakataji wake kumi na wanne na kibali cha kukata boriti. Kwa miaka mingi aliwauzia manahodha waliokuja na majahazi, wakachukua kwa bei waliyoitaka wao, kwa kuwa boriti zikishakatwa na kulundikwa matopeni hazina pa kwenda. Akachoka. Akasema atafungua kiwanja chake mwenyewe cha boriti ng'ambo, auze kwa mjenzi bila mtu katikati. Alipoleta posa yake Ruaruke mwaka wa hamsini na mbili, alimweleza Mzee Abdalah mpango huo wote bila kuficha kitu.

Mzee Abdalah alimpenda kijana. Neno ng'ambo hakulipenda. Binti yake mkubwa, Zamda, aliolewa na mtu wa Ngazija akavukishwa bahari, na katika miaka tisa zilikuja barua mbili. Mama yao alipofariki, Zamda alipata habari baada ya mwaka na nusu. Ndiyo maana mzee alimwambia Muhidini: "Nenda ukazione hizo nchi. Ukirudi utanitajia moja tu. Nikiridhika nayo, utaoa. Nisiporidhika, nitakurudishia posa yako, na tutaendelea kuamkiana."

Mwanamina alifuta mikono, akaingia chumba kilichopakana na baraza. Ukuta wa udongo ulikuwa umepasuka kidogo karibu na dirisha. Akaweka jicho pale. Hakukaa sana kabla hajasikia mtu akimsukuma begani.

"Sogea," Fatu alinong'ona. "Mimi nina masikio pia."

Muhidini alikuwa amekonda. Kanzu ilimpwaya mabegani na jua lilikuwa limemchoma usoni mpaka mashavu yameng'aa. Aliketi kwenye mkeka, magoti pamoja, kofia mkononi, mbele ya Mzee Abdalah. Walikuwa wamemaliza kuulizana hali.

"Nimefika Unguja, nimefika Mombasa, nimefika Kuweti," alisema. "Nilikaa kila mahali nikatazama."

"Tueleze."

"Unguja boriti inatakiwa, lakini kila boriti ina mwenyewe kabla haijashushwa. Koo tatu nne zimeishika ile biashara tangu babu zao. Mgeni hana pa kuweka hata mguu."

"Haya. Mombasa?"

"Mombasa ni mji mzuri, baba."

Mzee Abdalah alingoja. Muhidini alikuwa akiizungusha kofia yake vidoleni.

"Kisha?" mzee akauliza.

"Kisha haunifai." Akainua uso haraka. "Lakini Kuweti, baba, Kuweti kuna kazi! Mji unajengwa usiku na mchana. Watu wametoka kila nchi. Nahodha mmoja amenionyesha mwenyeji wa kushirikiana naye, maana mgeni hafungui duka kule bila mwenyeji. Pwani yao tambarare, majahazi yanafika karibu..."

Alizungumza juu ya Kuweti kwa muda mrefu. Mwanamina alisikiliza. Alimjua Muhidini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na jambo lililo zuri hulisema mara moja akanyamaza. Huyu wa leo alikuwa kama mchuuzi wa samaki wa jana.

Mzee Abdalah alimwacha amalize. Ndipo akasema, polepole:

"Mimi moyo wangu niliuweka Mombasa. Mombasa najipandia lori hapo Kibiti, nalala Dar es Salaam kwa mjomba wangu, napanda basi la Tanga, na siku ya nne nimefika. Mwanangu akiugua nitamwona. Nikifa mimi, atawahi hata arobaini. Kuweti nitakwenda na nini? Nitamwuliza nani njia?"

"Baba, nitamleta kila baada ya miaka miwili. Naapa."

"Na yule wa Ngazija aliapa. Taja nchi, Muhidini."

Nje kuku alikuwa akipekua majani makavu, na Mwanamina aliona anaweza kuuhesabu kila ukwaruzo wa kucha zake. Sema Mombasa, alimwomba moyoni. Sema tu, neno lenyewe fupi.

"Kuweti," alisema Muhidini.

Mzee Abdalah aliinuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Basi umetaja. Nakwenda kwa Mwalimu Dadi aniandikie barua ya kurudisha posa, iende kwa wazee wako Salale. Nikirudi, mwanangu, nisikukute hapa. Sitaki nikutazame usoni wakati ninayo mkononi."

Akavaa makubadhi yake, akaenda.

Mwanamina alijikuta amekaa chini bila kujua amekaaje. Fatu alikuwa ameshatoka. Alisikika barazani: "Wewe, kijana! Unakwenda wapi na jua hili? Pita uani unywe maji. Kutoka hapa hadi kwa Mwalimu Dadi na kurudi kuna mwendo, na Mwalimu Dadi haandiki barua upesi, anatafuta miwani kwanza."

*

Walisimama na chungu cha rangi katikati yao. Fatu aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akawapa mgongo nusu, akaanza kukunja tambuu yake kana kwamba hakuna jambo jingine duniani.

Muhidini alimtazama Mwanamina, akatazama mikono yake iliyokuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, akatazama chini. Muhidini alipokuwa baharini, Mwanamina aliufikiria mtazamo huu mara nyingi. Katika fikra zake Muhidini hakutazama chini.

"Mwanamina, nisamehe."

"Nyumba za Kuweti wanaziezeka kwa nini?"

Alishtuka. "Nini?"

"Nauliza paa. Wanatumia nini?"

"Boriti. Zamani zote boriti zetu, za huku na za Lamu."

"Zamani. Na sasa?"

"Sasa... kuna saruji. Wanaleta chuma kwa meli. Majumba makubwa wanajenga kwa hivyo. Lakini watu wa kawaida bado..."

"Bado kwa miaka mingapi?"

Muhidini alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu.

"Muhidini, nimekuuliza."

"Mitano. Ikizidi sana, sita."

"Kwa hiyo umesafiri miezi saba kwenda kuchagua nchi ambayo baada ya miaka mitano haitaki tena kitu unachouza." Sauti yake ilianza kupanda, akaishusha. "Wewe si mjinga. Ungekuwa mjinga ningeshajua, ningekukataa mapema. Kuna nini Mombasa?"

Kigoda cha Fatu kililia kidogo.

Muhidini alikaa chini, palepale mchangani na kanzu yake nyeupe.

"Nilishusha shehena Mombasa mwezi wa pili," alianza. "Sikuwa na mtu. Kule mgeni hapewi kiwanja mpaka apate mwenyeji wa kumdhamini, na mimi sikumjua yeyote. Boriti zangu zililala ufukoni siku kumi na mbili, mvua juu yake. Watu wakaanza kuzibeba moja moja. Nililala juu yake, Mwanamina. Wallahi nililala juu ya boriti kama mlinzi. Ndipo kukaja mwanamke mmoja, mjane, Bi Mwanaharusi. Marehemu mumewe alikuwa na biashara hiyohiyo. Ana kiwanja kizuri karibu na maji, kina uzio, kina kisima. Akanipa nafasi. Akanidhamini. Akawa ananiletea chakula."

"Chakula."

"Kwa mkono wa mtumishi wake! Sikuingia ndani kwake hata siku moja." Akapangusa uso. "Mwezi ulipokwisha alimtuma mzee wake kwangu. Akasema bibi anataka mume, na amenitazama, ameridhika. Nikikubali, kiwanja kitakuwa changu."

Mwanamina aliona jua limekuwa kali ghafla. "Ukasema nini?"

"Nilisema nitafikiri."

Chungu kilikuwa kikitokota. Hakuna aliyekisogelea.

"Ulifikiri siku ngapi?" aliuliza.

"Mwanamina..."

"Ngapi?"

"Tisa."

Siku tisa. Katika siku hizo tisa, yeye alikuwa hapa akisuka mkeka wa harusi. Alijaribu kukumbuka ni mistari ipi aliyosuka siku hizo, kana kwamba hilo lingemsaidia.

"Na siku ya kumi?"

"Siku ya kumi niliamka nikajichukia. Nikauza kilichobaki kwa hasara, nikapanda jahazi lililokuwa likienda Kuweti. Sikumuaga. Sikumpa jibu. Mpaka leo hajui kama nitarudi. Nikitaja Mombasa itanibidi nirudi mbele ya yule mtu. Atasema nilimdanganya, na atakuwa na haki. Mji mzima wa wafanyabiashara utanijua kwa hilo. Kuweti hakuna anayenijua. Niliona bora niende mbali nianze upya, na wewe."

"Na mimi," alirudia Mwanamina.

Alitaka kulia, lakini hasira ilikuwa imekaa mbele ya machozi, imeziba njia.

"Nisikilize. Hizo siku tisa zimeniuma na zitaniuma. Lakini hazinitishi kama ile ya kumi. Mtu uliyekula chakula chake, aliyekudhamini, ulimwacha bila neno kwa sababu neno lilikuwa gumu. Na mimi siku moja nitakuwa na neno gumu na wewe. Nitakuwa Kuweti, sijui hata kuomba maji kwa lugha yao. Utaniacha hivyohivyo?"

"Sitakuacha!"

"Nitajuaje?"

Fatu alitema tambuu pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yako anarudi. Nimemwona kwenye mikorosho."

Mwanamina aligeuka. Kupitia uzio wa makuti aliiona kanzu ya baba yake ikija kwa mwendo wa taratibu, na karatasi nyeupe mkononi.

"Sema Mombasa," alimwambia Muhidini haraka. "Mwambie umefikiri tena. Mombasa ndiyo inayofaa, wewe mwenyewe unajua. Watajenga kwa boriti wale watu miaka mingi bado. Kisha uende ukamwambie yule mama jibu lake uso kwa uso. Ukishamwambia, ndipo nitajua."

"Na baba akiuliza kwa nini kwanza nilisema Kuweti?"

"Mwambie... mwambie kodi ya kiwanja ilikushinda. Sijui. Tafuta neno."

Alisema hivyo na moyo wake ukamsuta papo hapo, kwa kuwa ndio kwanza alikuwa amemlaumu mtu kwa kukimbia ukweli. Lakini karatasi ilikuwa imeshafika mlangoni.

*

Mzee Abdalah aliwakuta wote watatu wamesimama.

"Nilisema nisimkute."

Mwanamina alipiga magoti. "Baba, usiitume hiyo barua. Amekosea kutaja. Ni Mombasa."

"Mwanangu, wewe unamsemea?"

"Ni Mombasa, baba," alisema Muhidini.

Mzee aliwatazama kwa zamu. "Jua halijasogea shubiri moja. Umeondoka Kuweti ukafika Mombasa, kwa chombo gani hicho? Kwa nini kwanza ulisema haikufai?"

Ndipo Mwanamina alipoona uso wa Muhidini ukibadilika. Alimwona akilitafuta lile neno jepesi, kodi, kiwanja, akalipata, likamfika mdomoni. Alimwona akimtazama yeye, mara moja tu. Halafu Muhidini akalimeza, akamgeukia mzee, akamweleza yote. Mjane. Chakula. Nitafikiri. Siku tisa. Jahazi la Kuweti. Hakupunguza kitu, na alipofika kwenye siku tisa masikio yalimwiva.

Mzee Abdalah alisikiliza akiwa amesimama. Habari ilipokwisha, aliigeuzageuza ile barua mkononi.

"Umenieleza jambo ambalo mwenye binti hapaswi kuelezwa," alisema hatimaye.

"Najua, baba."

"Ungenidanganya ningekuamini."

"Najua."

"Yule mwanamke anakudai jibu. Huwezi kuoa kwangu na jibu la mwenzako liko mfukoni. Utakwenda Mombasa, utamwambia, utatafuta kiwanja kingine, kibaya, kizuri, shauri yako. Mimi nitakaa hapa. Lakini nitajuaje kama umemwambia? Utarudi useme nimemwambia. Na usiporudi je?"

Ndilo swali Mwanamina alilomwuliza Muhidini muda mfupi uliopita.

"Nitakwenda naye mimi," alisema Fatu.

Kaka yake alimgeukia. "Wewe? Hata Dar es Salaam hujafika."

"Ndiyo vizuri. Sijachoka safari." Alisimama, akakung'uta kanga. "Nimeachika mara mbili, kaka, mwanamume mwongo namjua kwa harufu. Nitakaa pale mlangoni kwa huyo Bi Mwanaharusi, nitasikia kwa masikio yangu. Akisema nusu, nitakwambia kasema nusu. Na akiniacha njiani nitarudi kwa miguu, nitakuja kumlaani hapa hapa."

Katika siku nyingine wangecheka. Mzee Abdalah aliikunja ile barua mara mbili, akaiweka mfukoni mwa kanzu. Hakuichana.

"Wiki saba," alisema. "Ya nane ikiingia, hii inakwenda Salale."

Waliondoka kesho yake asubuhi, Fatu na kikapu chake, Muhidini na fungu la mikeka ya Mwanamina begani, kuonyeshwa wanunuzi huko. Pale kwenye njia ya Kibiti, Fatu alitangulia hatua kadhaa kwa makusudi.

"Nitamwambia," alisema Muhidini.

"Usiniahidi mimi. Kamwambie."

"Mwanamina, unanipenda bado?"

Alimtazama yule mtu aliyekonda, mwenye fungu lake la mikeka, na jibu likamjaa kifuani mpaka likamuuma.

"Ndiyo maana naogopa," alisema, akageuka kabla hajamwona machozi.

*

Wiki ya kwanza alisuka. Ya pili alisuka, akafumua. Ya tatu mvua ilinyesha mpaka malori yakanasa njiani, na habari zote zikakatika. Katika ya tano alikuja mtu wa Salale kununua mihogo, akasema barazani, bila kujua nani anasikia, kwamba nahodha fulani alimwona Muhidini Mombasa akitoka katika nyumba ya mjane mmoja tajiri. Mzee Abdalah alimjibu kwa kumpimia mihogo. Usiku ule hakula, na Mwanamina pia hakula, na kila mmoja alijifanya hakumwona mwenzake.

Alitoka nyumbani kwake! Alijitetea mwenyewe: si lazima aingie ndipo amwambie? Mara akajijibu: kumwambia neno moja kunachukua siku ngapi? Tisa?

Ijumaa ya wiki ya saba mpanda baiskeli alileta habari kwamba lori la kutoka Dar es Salaam linatarajiwa Kibiti. Baba na binti walitoka alfajiri. Walipofika, lori lilikuwa limeshasimama karibu na maduka, abiria wakishuka na mafurushi yao ya mizigo. Mwanamina alimwona Fatu, kichwa kimefungwa kanga mpya, akishushwa kama gunia. Akatazama nyuma yake. Alishuka mzee mmoja. Akashuka mama na mtoto. Kisha utingo akafunga bodi.

Muhidini hakuwamo.

"Yuko wapi?" Mwanamina hakuitambua sauti yake.

"Nipeni maji," alisema Fatu.

"Shangazi, yuko wapi!"

"Nipe maji nikujibu, mwanangu. Koo langu limejaa vumbi la nchi mbili."

Alikunywa kata nzima. Mzee Abdalah alikuwa amesimama na mkono mmoja mfukoni mwa kanzu, na Mwanamina alijua vidole vyake vimeshika nini.

"Kamwambia," alisema Fatu. "Siku ya pili tu tulipofika. Nilikuwepo. Kamwambia yote, na jina lako kalitaja. Na unajua yule mama kamjibu nini? Kasema, 'Ungeniambia hivi siku ile, ningekupangisha kiwanja kwa kodi kama mtu yeyote. Sasa sikupi.' Akatufungulia mlango, tukatoka. Wiki nne nzima tulizunguka. Tumepata mahali ng'ambo ya daraja la Makupa. Pabaya! Maji makuu yakija yanafika mpaka mlangoni. Lakini kuna mwenyeji amekubali kumdhamini, mtu mzima, ana wake wawili, hataki kumwoa." Akachukua pumzi. "Hakuweza kuja. Akikiacha kile kiwanja hata juma moja, kuna watatu wanakingoja. Amenipa hii."

Ilikuwa barua, mashahidi wawili wameweka sahihi chini yake. Mzee Abdalah aliisoma akiisogeza mbali na macho. Muhidini alimweka ami yake, Mohamedi wa Salale, awe wakili wake katika ndoa. Baba akiridhika na nchi, aoze. Asiporidhika, hatamlaumu.

Mzee aliisoma mara ya pili. Halafu akatoa ile nyingine mfukoni, akaichana vipande vidogo, akavikanyaga kwenye vumbi la Kibiti.

*

Ndoa ilifungwa Jumatano, bila bwana harusi. Barazani walikaa wanaume, Mohamedi wa Salale katikati kwa niaba ya mtoto wa ndugu yake. Mwalimu Dadi alikuja mpaka mlango wa chumba pamoja na mashahidi wawili, akakohoa, akauliza kupitia pazia kama Mwanamina binti Abdalah amempa baba yake idhini ya kumuoza kwa Muhidini.

Ndani, Mwanamina alikaa kimya. Wanawake walimtazama. Mwalimu akauliza mara ya pili. Kimya.

"Basi," mmoja wa mashahidi alisema, "mwari kimya chake ndiyo idhini yake."

"Ngojeni," alisema Mwanamina. "Kimya changu leo si idhini. Namtaka shangazi."

Kulikuwa na minong'ono. Fatu alijipenyeza, akaketi kitandani karibu naye, uso umemshuka.

"Nini tena, mwanangu? Unataka kuniua?"

"Kuna jambo hukusema pale Kibiti." Alinong'ona karibu na sikio lake. "Yule mwanamke. Ni mzuri?"

Fatu angeweza kudanganya. Nyumba ilikuwa imejaa watu, pilau limeshaiva, kaka yake amekaa barazani roho mkononi.

"Mzuri," alisema. "Mzuri sana. Nilipomwona nilitamani nirudi nikakwambie umsahau huyu kijana. Na mpole, lau angekuwa na kiburi ningefarijika."

"Muhidini alimtazama?"

"Alimtazama. Ana macho, atafanya nini? Kisha akaanza kusema, na sauti ikamkauka kabisa, haitoki. Akaomba maji. Akaomba kwa yule yule mwanamke! Bibi akampa kwa mkono wake. Nami nikasema moyoni, yamekwisha, hapa hatasema tena. Akanywa, akarudisha kata, akaanza upya tangu mwanzo, akalisema lote."

Mwanamina alifumba macho. Alikiona chumba asichokijua, katika mji asioujua, na Muhidini amesimama na kata ya maji mkononi. Hofu ilikuwa palepale kifuani. Kiwanja kitaingia maji. Soko huenda likageuka. Yule mwanamke mzuri atakaa mji uleule na yeye, pengine watakutana sokoni, watasalimiana. Siku tisa zitabaki tisa.

"Mwalimu," aliita.

Hakunong'ona safari hii. Sauti ilipita pazia, ikapita ukuta uliopasuka, ikafika barazani, na wanaume wakaacha kuzungumza.

"Mwambie baba yangu nimeridhia. Anioze."

Akamsikia baba yake akikohoa. Fatu akamshika mkono. Kisha sauti ya mzee, yenye kukwaruza, ikaanza neno moja moja kumuoza kwa mtu aliyekuwa ng'ambo.